Mwaka wa Kupima Mabakuli

Dada Koku amefariki. Ujumbe ulinikuta kliniki, hapa Magu, nikiwa nimeshika mkono wa mtoto wa miezi minane, nimeuzungushia utepe wa kupimia, mama yake akinitazama usoni kujua kama habari ni njema au mbaya. Niliusoma baada ya kumaliza foleni. Binti yake, Alinda, alikuwa ameandika kwamba mazishi yatakuwa Bukoba siku ya Jumamosi, na kwamba familia inaniomba mimi, kama mtu wa kwanza aliyeajiriwa na mama yake, niseme maneno machache juu ya mwaka ule mgahawa ulipofunguliwa Mwanza. Nilimjibu siku ileile. Nitakuja, nikamwambia, nitakaa na wenzangu msibani, na kama kuna vyombo vya kuosha nitaosha, ila kusema siwezi. Hakuuliza kwa nini. Watakaosimama watasema marehemu alikuwa mkarimu, mchapakazi, mama wa watu, na watakuwa wanasema kweli. Mimi ninachokifahamu zaidi juu yake ni mwaka mmoja tu, na mwaka huo hausemwi mbele ya jeneza. Nimeona heri niuandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina stashahada ya lishe na viatu jozi moja vya kwendea kwenye usaili. Mgahawa ulikuwa haujafunguliwa bado. Ulikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo jipya upande wa Capri Point, ukuta mzima wa mbele ni kioo, na kioo kile kilitazama ziwa, kwa hiyo mtu akiingia kitu cha kwanza kuona si viti wala kaunta, ni maji. Dada Koku alikuwa amerudi kutoka Teksasi, alikokaa miaka kumi na miwili akifanya kazi kwenye migahawa ya huko, ile inayouza burito na takos, vyakula vya Kimeksiko vinavyofungwa kwenye chapati, na alikuwa ameamua kwamba watu wa Mwanza watakula chakula hicho, si kwenye chapati bali kwenye bakuli. Wali chini, maharage meusi juu yake, kisha kuku au nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, mahindi, kachumbari, sosi ya pilipili, parachichi la kuponda, jibini iliyokunwa, na kijiko cha krimu chachu. Mteja anatembea pembeni ya kaunta akionyesha kwa kidole, na bakuli linajazwa mbele ya macho yake. Usaili wangu ulikuwa hivi: aliniwekea bakuli moja mbele yangu, akakaa upande wa pili wa meza, akasema, "Kula. Ukimaliza uniambie umekula nini." Nilikula. Kisha nikamwambia, kwa kukadiria, wali ni kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, kalori kama mia saba. Akanyanyuka akaleta bakuli la pili lililojazwa sawasawa na la kwanza, na mizani ya jikoni, tukalichambua wote wawili kijiko kwa kijiko mpaka jioni, vidole vyetu vikinuka bizari na ndimu. Nilikuwa nimekosea kidogo sana. Alicheka kwa furaha ya kweli, akaniambia kazi ni yangu.

Wiki sita za mwanzo sijawahi kuwa na kazi tamu kama ile. Nilipewa chumba kidogo nyuma ya jiko, kilichotenganishwa na stoo kwa ukuta wa mbao, chenye meza, mizani, na dirisha lililotazama mwamba mkubwa wenye mijusi. Nilipima kila kitu. Nilipima wali ukiwa mkavu na ukiwa umeiva, nilipima mafuta yaliyobaki kwenye sufuria ili nijue yaliyoingia kwenye nyama, nilipima parachichi la Bukoba na parachichi la Mbeya. Tulichagua upawa mmoja wa kupakulia wali, mdogo, wa bati, na nikaandika hesabu zangu zote kwa kuutegemea upawa huo. Kisha fundi akatengeneza ubao mrefu juu ya kaunta, wenye majina ya mabakuli, na mbele ya kila jina kalori zake, na chini ya kalori, kwa maandishi madogo zaidi, gramu za wanga, za protini na za mafuta. Dada Koku alitaka kalori tu, ndizo watu wanazozijua. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania wanga. Nilimwambia mji huu una watu wengi wa kisukari na kwao namba hiyo ndiyo yenye maana. Bakuli la kuku: kalori mia sita na kumi, wanga gramu sabini na mbili. Namba hiyo naikumbuka kuliko namba yangu ya simu ya wakati ule.

Wapishi hawakula mabakuli. Saa nane, kaunta ikipungua watu, tulikaa nyuma kwenye ndoo zilizofunikwa, tukala ugali na supu ya mapanki, mifupa ya sangara iliyoondolewa minofu, au furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa wakaungwa karanga, kila mtu mkono wake kwenye sinia moja. Aliyetawala jiko alikuwa Mama Nyangeta, mwanamke wa Ukerewe, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyepika kwenye harusi nyingi. Kalori aliziita karori, na hakuzipenda. Siku moja aliniambia, akinisogezea kichwa cha sangara kwa sababu alijua nakipenda, kwamba kwao mtu akianza kupimiwa chakula ujue ni mgonjwa au mfungwa. Wote wakacheka na mimi nikacheka. Nilimwona ni mtu wa zamani. Sasa nina umri wake wa wakati ule na ninawapimia watu chakula kila siku, na sijaacha kuamini mizani. Ila nimejifunza kwamba namba ikishaandikwa ukutani haina macho. Haijui kinachopakuliwa chini yake.

Mwalimu Magesa alikuja mwezi wa pili tangu tufungue. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, akikaa Kirumba na binti yake aitwaye Neema, na alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote. Shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu hata watu wa nyuma yake wakaanza kumpita. Nikatoka chumbani kwangu nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, bila kuondoa macho kwenye ubao. "Nani amepima haya?"

Nikamwambia ni mimi. Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kama mtu anayetazama mtihani uliosahihishwa vizuri, akaniambia kwamba ana kisukari cha sindano mwaka wa tisa, kwamba kliniki wamemfundisha kulinganisha insulini yake na wanga anaokula, na kwamba nyumbani anaweza, maana Neema anampimia, lakini tangu aanze kuchoma sindano hajawahi kula chakula cha nje bila woga. Mji mzima huu, alisema, ni hapa tu ninapoambiwa ninachokula. Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa saa sita. Aliagiza bakuli la kuku, akakaa meza ya pembeni penye kioo, akatoa daftari, akaandika tarehe na sabini na mbili, akafungua vifungo viwili vya chini vya shati, akachoma sindano tumboni bila aibu wala maonyesho, akasubiri kidogo kama alivyofundishwa, kisha akala. Baada ya hapo alisoma gazeti mpaka jua lipungue. Mimi, chakula changu kikiwa kimeiva nyuma, nilikuwa naenda kukaa naye dakika kumi. Alinieleza habari za wanafunzi wake waliokuwa madaktari na waliokuwa wezi. Aliniambia nisome zaidi, nisiishie stashahada. Hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yangu kwa heshima kama ile, na ninataka hilo lieleweke kabla sijasema yanayofuata.

Mvua za vuli zilipoanza wateja walipungua. Njia ya kupandia kwetu ilikuwa ya utelezi, na chini, karibu na barabara kuu, palikuwa na jamaa wa chipsi mayai ambaye hakumpimia mtu chochote. Waliokuja walilalamika. Walisema bakuli ni la mtoto. Walisema sosi ni chachu, ina ukali usio na utamu. Niliwasikia nikipita, na nilidhani ni maneno tu ya wateja. Asubuhi moja nilikuwa stoo, nimechuchumaa nyuma ya magunia nahesabu maharage yaliyoingia maji, mara nikawasikia Dada Koku na Mama Nyangeta wakiongea jikoni. Dada Koku alikuwa anaeleza, kwa sauti yake ya kawaida ya upole, kwamba kuanzia siku ile watatumia upawa mkubwa, ule wa chuma, na wali utakaangwa kwanza kwa mafuta na vitunguu, na sosi itiwe sukari, si kidogo, mpaka mtu aikumbuke akiwa nyumbani. Mama Nyangeta akauliza juu yangu, "Na Kabula?"

"Kabula alishamaliza kazi yake," Dada Koku akasema.

Hakusema kwa ubaya. Miaka yote hii nimejaribu kuisikia tena sauti ile nione kama ilikuwa na ubaya, na haukuwamo. Alisema kama mtu anavyosema kwamba fundi rangi amemaliza, sasa tuhamie. Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ile saa nane, walipokuwa wanakula, nilijifungia chumbani na bakuli la kuku lililotoka kaunta, nikalipima. Nikalipima tena, maana sikutaka kuamini. Wanga ulikuwa gramu mia moja na kumi na nane.

Nilikwenda kwake jioni. Alikuwa amesimama mbele ya kioo akitazama ziwani, ambako mawingu ya vidudu yalikuwa yameinuka juu ya maji kama moshi wa kitu kinachoungua mbali, yakisogea polepole upande wetu. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua ni watu wangapi wanakula kwa kazi ya jiko lile, akanitajia majina yao, mmoja mmoja, na watoto wao. Akasema watu hawasomi ubao ule kama ninavyodhani, wanautazama wapate amani ya moyo, basi. Akasema ubao utatengenezwa upya mwezi wa tatu, pamoja na mabakuli ya samaki, na hapo nitapima kila kitu upya kwa nafasi. Nikamwambia kuna Mwalimu. Akasema, "Mwalimu ni mtu mzima, Kabula. Akiona bakuli limejaa, ataona." Wiki iliyofuata alimleta mpiga picha. Nilivaa koti jeupe, nikashika mizani kifuani, nikatabasamu, na picha ile ikabandikwa pembeni ya ubao, kubwa kama mlango, na chini yake maneno: Imepimwa na mtaalamu wetu wa lishe. Aliniambia pia kwamba ameshaandika barua ya kunipendekeza kwa ajili ya chuo kikuu. Nilimshukuru. Kila asubuhi niliingia kazini nikipita chini ya meno yangu mwenyewe.

Mwalimu hakuona. Ndiyo, aliona bakuli limejaa zaidi, akanisifia, akisema naona mmekuwa wakarimu. Lakini namba ilikuwa ileile, na picha yangu iko pale, na mtu aliyeishi kwa kuamini hesabu haamini jicho lake dhidi ya hesabu. Mwezi wa kumi na mbili alinionyesha daftari. Vipimo vyake vya Jumanne na Ijumaa jioni vilikuwa vimepanda, na vilikataa kushuka hata kesho yake. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu. Aliniambia, kwa aibu kidogo, kwamba lazima kuna mahali nyumbani anapozembea, kwa hiyo amepunguza ugali wa usiku, na ameacha ndizi, na Neema amemkasirikia kwa sababu anakonda. Mwezi wa kwanza alikuja na kiatu cha kulia kimekatwa mbele kwa wembe ili kidole kipate nafasi. Kidonda kidogo tu, alisema, kiatu kilimchubua, hakikupona upesi. Nilikitazama kile kiatu chini ya meza. Nilisoma miaka mitatu kuhusu kiatu kile. Nikamwambia, "Mwalimu, labda upunguze wali kidogo."

"Kwa nini?" akauliza. Hakuwa na mashaka, alikuwa anataka kujua, kama anavyouliza mwalimu.

Nikasema basi tu. Akatikisa kichwa akafunua daftari, akanionyesha kwa kalamu. "Nimekagua kila kitu, mwanangu. Chai, uji, dawa, usingizi. Hapa tu ndipo sijakagua, maana hapa umepima wewe."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikusema pale pale. Nimejiuliza nikiwa kwenye basi, nikiwa kanisani, nikiwa nanyonyesha wanangu. Kulikuwa na barua ya chuo, na kulikuwa na wapishi wale na watoto wao. Sababu hizo ningeweza kuzieleza. Ile niliyoshindwa kuieleza ilikuwa ndogo zaidi. Sikutaka atoe macho kwenye daftari anitazame na kuniona. Basi nikatafuta njia ya kumsaidia bila kuonekana, na hiyo ndiyo njia iliyotaka kumuua.

Niliutafuta upawa mdogo wa bati. Ulikuwa umetupwa kwenye ndoo ya misumari. Nikausugua, na Ijumaa moja ya mwezi wa pili, Mwalimu alipoingia, nikasimama kaunta mwenyewe, nikamwambia mhudumu apumzike, nikampakulia bakuli lake: wali mweupe niliouchemsha pembeni bila mafuta, upawa mmoja mdogo, sosi bila sukari niliyoitengeneza kwenye bilauri. Gramu sabini na mbili kamili. Ubao ulisema kweli kwa ajili ya mtu mmoja. Jumamosi alinipigia simu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, kuniambia kwamba vipimo vyake vimeteremka vizuri, ametoka jasho kidogo njiani lakini lilikuwa jua, na kwamba anaona amepata dawa ya uzembe wake. Nilicheka naye kwenye simu. Nililala usingizi mzito.

Jumatatu alikwenda kliniki. Muuguzi alifungua daftari, akaona miezi mitatu ya vipimo vya juu na Ijumaa moja tu nzuri mwishoni mwake, akafanya kile ambacho mimi mwenyewe ningefanya: akaongeza insulini ya mlo wa mchana kwenye siku za bakuli, akaifanya karibu mara mbili. Mwalimu hakunieleza. Kwa nini anieleze, mimi si daktari wake. Jumanne akaja saa sita, akaniamkia yeye kwanza kwa mzaha, akaketi, akaandika sabini na mbili, akachoma sindano, nami nikampelekea bakuli lenye gramu sabini na mbili, nimejaa furaha.

Saa saba na nusu nilitoka chumbani kwenda kukaa naye. Gazeti lilikuwa limefunguliwa mbele yake, lakini kichwa chini miguu juu. Nilidhani anatania. Shati lilikuwa limeloa mgongoni na chini ya kola, na alikuwa anatazama ziwa. Nikamwita. Akageuka akaniita kwa jina nisilolijua, akaniambia kwa ukali nirudi darasani, kengele imelia. Ulimi ulikuwa mzito. Nilijua palepale kwamba sukari yake imeshuka mno. Nilikimbilia jikoni nikitaka soda, na niliporudi alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, bega moja limeegemea kioo, na mkono wa kulia unapiga sakafu, unapiga, kama mtu anayegonga mlango. Hakuweza kumeza tena. Nikamwagia sukari kiganjani, nikaitia maji kidogo, nikaipaka ndani ya mashavu yake kwa kidole, nikarudia, nikarudia, huku Mama Nyangeta ameketi sakafuni amemshika kichwa mapajani na kumsemesha Kikerewe kama mtoto mchanga. Wateja walisimama na mabakuli yao mikononi. Dada Koku alitoka ofisini, akatazama, na nikamwona akiinua macho kwenye ubao, kisha kwenye picha yangu, kisha kwangu. Alikwenda kuleta gari lake, na yeye na wapishi wawili wakambeba Mwalimu kumteremsha ngazi, wakampeleka hospitali.

Alizinduka jioni ileile. Walipomvua viatu ndipo walipoona mguu. Kidole kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeshaanza kupanda. Wiki iliyofuata walimkata chini ya goti.

Nilikwenda siku ya nne baada ya upasuaji. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na harufu ya dettol na uji. Neema alikuwa anamkata kucha za mkono. Nilimwamkia Mwalimu, akaitikia, akanionyesha nikae kitandani, upande ule ambao shuka lilikuwa limelala chini bila kitu. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, upawa, sukari ya sosi, gramu mia moja na kumi na nane, na Ijumaa na Jumanne. Neema aliacha kukata kucha. Mwalimu alinyoosha mkono, Neema akamwelewa, akampa daftari na kalamu nyekundu. Alianza kwenye ukurasa wa mwezi wa kumi na moja. Alikata sabini na mbili, akaandika mia moja na kumi na nane juu yake, akaenda mstari unaofuata. Aliandika taratibu kwa sababu ya sindano ya dripu iliyokuwa mkononi. Ilichukua muda mrefu, na mimi nilisimama. Alipomaliza alifunga daftari akaliweka kifuani.

"Nilidhani akili yangu imeanza kuniacha," akasema. "Nimekaa na njaa miezi mitatu najiadhibu." Kisha akauliza, "Siku ya kwanza uliyojua, ilikuwa lini?"

Nikamtajia. Akafumba macho, nikajua anahesabu.

"Na siku ulizonipakulia mwenyewe, neno moja tu lingetosha," akasema. Nilisema ndiyo. Nilisubiri anifukuze au anisamehe, nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili, lakini hakufanya hata moja. Alifumbua macho, akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja katika miezi ile yote. "Wengine ni kina nani?"

Sikuelewa. Akarudia, kwa subira, kama anavyorudiwa mtoto wa darasa la tatu. Wengine wenye madaftari. Nilimwambia sijui. Nilimwambia nilimwona yeye tu.

Dada Koku hakunipinga. Alikuwa akienda hospitali kila asubuhi na chupa ya uji, tangu siku ya kwanza, na aliendelea kwenda nyumbani kwa Mwalimu, kule Kirumba, mpaka Mwalimu alipofariki miaka mitatu baadaye. Hilo pia litasemwa Jumamosi, na ni kweli. Nilipomwambia nataka ubao ushushwe alisema tu, "Shusha." Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye, na mwishoni mwa mwaka niliondoka kwenda chuo kwa barua aliyoiandika. Lakini kwanza nilipima upya kila bakuli kwa upawa wa chuma na sosi ya sukari. Fundi aliubandika ubao mpya siku ya Alhamisi, bila picha. Bakuli la kuku: wanga gramu mia moja na kumi na nane. Nikavuta kiti nikakaa chini yake, mahali ambapo kila anayeingia lazima anione.

Saa za mchana wengi walipita bila kuinua kichwa. Nilianza kufikiri kwamba Dada Koku alikuwa amesema kweli, kwamba hakuna aliyekuwa anausoma. Kisha akaingia mwanamke wa umri wangu, mjamzito, tumbo limeshuka, amevaa sare ya benki. Nilikuwa nimemwona mara nyingi. Nilikuwa nimempa kitambaa mara moja alipomwaga maji. Alisimama kwenye foleni akiongea na mwenzake, akainua macho kuagiza, akaacha sentensi katikati. Akatoka kwenye foleni. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki, na ndani ya kadi mlikuwa na karatasi ya vipimo vya sukari, iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaisoma, akautazama ubao, akaisoma tena. Akaweka mkono mmoja juu ya tumbo. Kisha akatafuta nani wa kumuuliza, akaniona, akaja mpaka mbele ya kiti changu.

"Hii namba," akasema, "imekuwa hivi tangu lini?"

Nikasimama, nikamtajia siku.